Ini Lisiloonja Barafu

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo wanaijua vizuri Xiaobei, mtaa wa Waafrika katika wilaya ya Yuexiu. Wilaya hiyo hiyo ndiyo yenye Hospitali ya Kwanza ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Hapo, tarehe 23 Julai 2017, daktari bingwa wa upasuaji Xiaoshun He na wenzake walipandikiza ini ambalo damu haikukatika tangu mwili wa mchangiaji hadi wa mgonjwa.

Tangu daktari wa upasuaji Thomas Starzl ajaribu upandikizaji wa kwanza wa ini mjini Denver, Marekani, mwaka 1963, barafu ndiyo imekuwa tegemeo. Damu husimamishwa, ini husafishwa kwa maji maalumu ya baridi, kisha husafirishwa katika sanduku la barafu. Baridi hupunguza njaa ya seli, lakini haiimalizi. Seli zikikosa oksijeni huishiwa nguvu na kulimbikiza taka. Damu ya moto inaporudi ghafla, oksijeni hukutana na taka zile na kuzaa kemikali zinazozichoma seli zenyewe. Ini huumia mara mbili. Mirija ya nyongo ndiyo huathirika zaidi, kwa kuwa hulishwa na ateri peke yake, ilhali nyama ya ini hupata damu pia kutoka kwenye veni kubwa ya utumbo. Maini yenye mafuta mengi hayastahimili kabisa, na mara nyingi hutupwa.

Mashine za kulisha ini kwa damu yenye joto la mwili zilikuwapo tayari; watafiti wa Oxford, Uingereza, walitangulia. Ila ini liliingizwa humo likiwa limeshapoa, na likapozwa tena kabla ya kushonwa. He alitaka kuziba mapengo hayo mawili. Wajenzi wa barabara huchonga mchepuko kabla ya kufunga daraja, naye alifanya vivyo hivyo: mpira wa mashine huingizwa kwenye tawi dogo la ateri, wakati ateri yenyewe ingali inapitisha damu. Veni ile kubwa nayo huongezewa kipande cha mshipa ubavuni mwake. Mashine ikishashika kazi ndipo ini hukatwa. Kwa mgonjwa, mashine haizimwi mpaka mishipa mipya ifunguliwe. Muda wote huo ini hubaki na rangi yake, likiendelea kutoa nyongo, na madaktari huitazama nyongo hiyo ili kujua kama ini lina uhai wa kutosha.

Ini la siku ile ya Julai lilikuwa la kukatisha tamaa: seli 85 hadi 95 katika kila 100 zilijaa mafuta. Aliyelipokea, mwanamume wa miaka 51, aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya 18.

Mgonjwa mmoja si ushahidi. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 65 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Ini lilisuasua siku za mwanzo kwa asilimia 6 ya waliopata njia mpya, dhidi ya 24 ya njia ya barafu. Tatizo la presha kuporomoka damu inapofunguliwa lilikuwa asilimia 9 dhidi ya 64. Tofauti hiyo ya pili ndiyo inayonishangaza. Hata hivyo hospitali ilikuwa moja, na njia yenyewe hudai mchangiaji ambaye moyo wake bado unapiga, mashine ghali na mikono mingi.

Kuna jambo jingine lisilofaa kufichwa. Kwa miaka mingi viungo vingi nchini China vilitoka kwa wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo. Huang Jiefu, wakati huo naibu waziri wa afya na mwenyewe mpandikizaji wa ini, alilikiri hilo hadharani mwaka 2005. Serikali ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2015 vitatumika vya raia waliojitolea tu. Wapo wakosoaji ambao hadi leo hawajaridhika.

Afadhali kulikinga ini kuliko kulibadilisha. Kwetu, ini huharibiwa sana na homa ya ini B, na sumukuvu ya mahindi yaliyoota ukungu huongeza hatari ya saratani kwa mwenye virusi vya homa hiyo. Sumukuvu ikizidi huua hata bila kungoja saratani: Makueni, Kitui na maeneo ya jirani nchini Kenya, mwaka 2004, waliugua watu 317 na kufa 125. Virusi hivyo vina chanjo. Shirika la Afya Duniani linataka sindano ya kwanza ichomwe ndani ya saa 24 baada ya mtoto kuzaliwa.