Kipya Kinyemi? Mapokezi ya Sura Mpya ya iPhone ya Mwaka 2013 kwa Jicho la Semiotiki

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga hao hao walituonya kuwa mazoea yana taabu. Methali hizi mbili huvutana, na mvutano wake hudhihirika kila mara chombo kinachotumiwa na umma kinapobadilishwa sura. Wapo wanaokishangilia, wapo wanaokilaani, na wapo wanaofanya yote mawili katika siku moja.

Makala haya yanauchunguza mvutano huo kupitia tukio moja mahususi, nalo ni badiliko la kiolesura cha simu ya iPhone mnamo Septemba 2013, wakati kampuni ya Apple ya Marekani ilipotoa toleo la saba la mfumo endeshi wake, iOS 7. Kiolesura, kwa maana inayotumika hapa, ni jumla ya picha, maneno, vitufe, rangi na miondoko anayokutana nayo mtumiaji kwenye skrini. Ndicho kinachomwezesha kuiamuru simu na simu ikamjibu. Kwa ufafanuzi huo kiolesura ni mfumo wa ishara, na kwa hivyo kinamhusu mwanafunzi wa lugha sawa na kinavyomhusu mhandisi.

Hoja inayotetewa ni kwamba malalamiko yaliyozuka mwaka huo hayakuwa ya aina moja. Baadhi yalihusu ladha, mengine yalihusu mazoea, na mengine yalihusu usomekaji wa ishara zenyewe. Aina mbili za kwanza hufifia kadiri siku zinavyosonga. Aina ya tatu haifi mpaka ishara irekebishwe. Anayezichanganya aina hizi huishia ama kuwadharau watumiaji wote, ama kuogopa kila badiliko.

Sura Kongwe: Simu Iliyovikwa Ngozi na Mbao

iPhone ilianza kuuzwa mwezi wa Juni 2007. Wakati huo, skrini ya kioo isiyo na vitufe vya kubonyeza ilikuwa jambo geni kwa watu wengi. Ili kuwaondolea watumiaji woga, wasanifu waliazima sura za vitu ambavyo watu walivijua tayari. Kadiri miaka ilivyopita, uigaji huo ulikolea. Programu ya kuandikia maelezo ilifanana na karatasi ya manjano yenye mistari. Programu ya vitabu ilikuwa na rafu ya mbao. Ile ya michezo ilitandikwa kitambaa cha kijani mithili ya meza ya kamari, na ile ya kuwatafuta marafiki ikavikwa kitu mfano wa ngozi, pamoja na nyuzi za mshono. Vitufe navyo vilikuwa na kingo, mng'ao na kivuli, vikaonekana kana kwamba vimeinuka juu ya kioo na kungoja kubonyezwa.

Mtindo huu wataalamu huuita skiumofia, istilahi yenye asili ya Kigiriki inayounganisha dhana za 'chombo' na 'umbo'. Mwanafasihi angeuita sitiari: kitu kipya kinaelezwa kwa sura ya kitu kikongwe. Steve Jobs, mwasisi mmojawapo wa kampuni hiyo, aliupenda mtindo huo, na Scott Forstall, aliyesimamia mfumo wa iOS, aliuendeleza. Jobs alifariki Oktoba 2011. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2012, ilitangazwa kuwa Forstall angeondoka, na dhamana ya sura ya programu ikakabidhiwa Jonathan Ive, msanifu aliyekuwa ameshajipatia sifa kwa kubuni umbo la vifaa vyenyewe.

Ikumbukwe kuwa Ive hakuwa wa kwanza kupita njia aliyoichagua. Mwaka 2010 Microsoft ilikuwa imetoa Windows Phone 7, mfumo uliotegemea herufi kubwa na miraba ya rangi bapa pasipo pambo lolote.

Badiliko na Mapokezi Yake

Sura mpya ilizinduliwa tarehe 10 Juni 2013 mjini San Francisco. Craig Federighi, mkuu wa programu, aliitania ile ya zamani jukwaani kwa kusema kwamba kitambaa cha kijani kilikuwa kimewaishia. Ngozi, mbao na mshono vilitoweka. Mahali pake pakaja rangi angavu, herufi nyembamba, nafasi nyeupe tele, na tabaka zinazopitisha mwanga kama kioo chenye ukungu. Vitufe vingi vilipoteza kingo zake vikabaki kuwa maneno matupu yenye rangi. Aidha, picha ya nyuma ya skrini ilionekana kusogea mkono ulipoinamisha simu, na kila programu ilifunguka kwa mwondoko wa kumvuta mtazamaji ndani.

Toleo lenyewe liliufikia umma tarehe 18 Septemba 2013. Katika muda wa siku tano, kampuni ilitangaza kwamba vifaa zaidi ya milioni 200 vilikuwa vikilitumia. Ni nadra katika historia kwa umma mkubwa kiasi hicho kubadilishiwa mfumo wa ishara kwa muda mfupi namna hiyo.

Waliolisifu walikuwa na sababu. Skrini ilionekana pana na nyepesi. Paneli mpya iliyovutwa kutoka chini ilimwezesha mtu kuwasha tochi au kuzima mtandao kwa mguso mmoja, mambo ambayo awali yalihitaji kupekua mipangilio au kutafuta programu ya ziada. Kwa wengi, simu kongwe ilizaliwa upya bila ya wao kutoa hata senti.

Waliolikosoa nao hawakukosa hoja. Wapo walioona rangi zake ni za peremende. Wapo waliopapasa wasijue kitufe ki wapi. Wenye macho dhaifu walilalamikia wembamba wa herufi juu ya mandhari meupe. Baadhi yao walipata kizunguzungu na kichefuchefu kutokana na miondoko ya skrini. Wenye iPhone 4, iliyokuwa na umri wa miaka mitatu, waliona simu yao ikikokota miguu. Zaidi ya hayo, baada ya siku chache kampuni iliacha kuidhinisha usakinishaji wa toleo la zamani kwenye simu zilizoweza kupokea jipya. Aliyejuta hakuwa na pa kurudi.

Ufafanuzi wa Kisemiotiki

Charles Sanders Peirce, mwanafalsafa wa Marekani, aliziainisha ishara katika makundi matatu. Ikoni huashiria kwa kufanana na kitu, kama picha ilivyo kwa mtu. Indeksi huashiria kwa kuhusiana moja kwa moja na kitu, kama moshi ulivyo kwa moto. Simboli huashiria kwa makubaliano ya jamii tu, kama yalivyo maneno mengi ya lugha. Ferdinand de Saussure aliusisitiza unasibu huo: hakuna chochote katika sauti za neno 'meza' kinachofanana na meza.

Tukiutumia uainishaji huu, tunabaini kwamba badiliko la 2013 lilikuwa mambo mawili tofauti yaliyotiwa kapu moja.

La kwanza ni kupunguzwa kwa ikoni. Ngozi na mbao zilifanana na vitu halisi, lakini hazikumwambia mtumiaji la kufanya. Kufikia 2013, aliyetumia iPhone kwa miaka kadhaa hakuhitaji tena kuonyeshwa mbao ndipo ajue kuwa hapo pana vitabu. Sitiari ilikuwa imekufa, kama ilivyokufa katika 'mguu wa meza' au 'mshale wa saa', ambapo hakuna anayemfikiria mnyama wala upinde. Sitiari mfu haihitaji nakshi ili ieleweke. Ndiyo maana bahasha ilibaki kuwa alama ya barua na mkono wa simu ya mezani ukabaki kuwa alama ya kupiga simu, ingawa zote mbili zilichorwa kwa mistari michache tu. Lugha yetu ina mfano wa jambo hilo. Neno 'pikipiki' huchukuliwa kuwa tanakali ya mlio wa injini. Leo pikipiki za umeme hupita katika barabara za Nairobi pasipo mlio huo, nazo bado ni pikipiki. Ikoni imegeuka simboli, wala hakuna aliyepotea njia.

La pili ni kuondolewa kwa indeksi, na hapa ndipo penye jeraha. Ukingo na kivuli cha kitufe havikuwa pambo. Vilimwelekeza mtumiaji kwenye sifa moja muhimu, kwamba hapa panabonyezeka. Kivuli kilipoondolewa, neno lililoamuru na neno lililoarifu yakatofautishwa kwa rangi pekee. Kwa msomaji mwenye macho makali hilo lilitosha. Kwa asiyebainisha rangi vizuri, au kwa mzee anayesomea juani, halikutosha. Kulia ngozi iliyopotea ni suala la ladha. Kulia kitufe kisichoonekana ni kudai ishara isomeke.

Ushahidi wa Marekebisho

Hoja hii haitegemei nadharia pekee. Inathibitishwa na yale ambayo kampuni yenyewe iliyarekebisha, na yale iliyoyaacha.

Wembamba wa herufi ulianza kusahihishwa hata kabla ya Septemba, kwani matoleo ya majaribio yaliyotolewa Julai 2013 yalizinenepesha kidogo. Oktoba 2013, toleo la 7.0.3 lilimwezesha mtumiaji kupunguza miondoko, hivyo programu zikafunguka kwa kufifia taratibu badala ya kumvuta mtu ndani. Machi 2014, toleo la 7.1 lilileta hiari ya kurudisha maumbo ya vitufe na hiari ya kukoleza rangi. Aidha liliiongezea kasi iPhone 4.

Kisa cha kitufe cha herufi kubwa kinafunza zaidi. Katika sura mpya ilikuwa vigumu kujua iwapo kitufe hicho kimewashwa au kimezimwa, kwa kuwa rangi mbili zilibadilishana bila kanuni iliyojieleza. Kikabadilishwa katika 7.1, na utata ukaendelea. Suluhu ilipatikana mwaka 2015 katika iOS 9, pale herufi zote za kibodi zilipoanza kuonekana ndogo au kubwa kulingana na hali ya kitufe hicho. Simboli ya kinasibu ilikuwa imeshindwa. Ikoni ikaitwa iokoe jahazi.

Ngozi, mbao na kitambaa cha kijani havikurudi. Wengi waliovililia walivisahau. Hii ndiyo tofauti tunayoisisitiza: malalamiko ya ladha na ya mazoea yalitulizwa na muda, ilhali ya usomekaji yalitulizwa na marekebisho.

Funzo kwa Wanaisimu

Kiswahili nacho kimewahi kubadilishiwa sura kwa uamuzi wa wachache. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi yake 1930. Uamuzi huo ulirahisisha uchapishaji na elimu. Hata hivyo, wapo waliouona kuwa umekipuuza Kimvita na turathi yake ya ushairi. Mapokezi yalikuwa mchanganyiko, na mjadala haujafungwa hadi leo.

Ipo tofauti moja kubwa. Mzungumzaji wa Kimvita hakunyang'anywa lahaja yake. Alisoma Kiswahili sanifu shuleni na jioni akaendelea kusema 'mato' nyumbani. Mtumiaji wa simu hakuachiwa uhuru huo. Ishara zake si mali ya jamii inayozitumia bali ni mali ya kampuni, na zinapobadilishwa, za zamani hufungiwa mlango. Katika hali hiyo lalamiko huwa ndiyo njia pekee iliyobaki kwa mtumiaji kushiriki katika kuunda lugha anayoitumia kila siku. Kulipuuza kwa kisingizio kwamba watu huogopa mapya ni kumfunga kinywa mzungumzaji.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mapokezi mchanganyiko ya kiolesura kipya si kelele tu. Yana muundo unaoweza kuchambuliwa. Suala hili halijapitwa na wakati. Juni 2025 kampuni iyo hiyo ilitangaza sura nyingine, Liquid Glass, yenye kuiga kioo kinachopitisha na kupinda mwanga, nayo ikawafikia watumiaji Septemba mwaka huo. Sifa na lawama zikafuatana tena, na lawama iliyorudiwa zaidi ilikuwa ile ile ya maandishi kutosomeka vyema juu ya mandhari angavu. Novemba 2025, toleo la 26.1 likaleta hiari ya kukipunguzia kioo hicho uangavu.

Miaka 12 ilikuwa imepita, na msanifu bado alikuwa anakumbushwa jambo ambalo kila mwandishi hulijua: ishara haikamiliki machoni pa aliyeibuni, hukamilika machoni pa anayeisoma. Kipya ni kinyemi, naam; lakini kidonda nacho kina mwenyewe, na yeye ndiye ajuaye panapouma.