Fez, Ilikoandikwa Habari ya Mombasa

Msomaji, ukijaaliwa kufika Fez, nchini Moroko, watu watakuvuta kwanza ukatazame mapipa ya kutia ngozi rangi. Usiwe na haraka. Mimi nilianza na Qarawiyyin, msikiti na chuo ambacho yasimuliwa kilianzishwa na Bibi Fatima al-Fihri mwaka 859. Asiyekuwa Mwislamu huishia mlangoni. Nilivua viatu, nikatawadha, nikaswali adhuhuri.

Kisha nilikwenda madrasa ya Bou Inania kutazama nakshi zake za mbao na vigae. Aliyeijenga ni Sultani Abu Inan, na ndiye aliyeamuru Ibn Battuta asimulie safari zake. Ibn Juzayy alizinakili humu humu mjini, zikamalizika 1355. Ndani yake wamo wazee wetu wa Mombasa wa mwaka 1331: chakula chao ndizi na samaki, misikiti yao ya mbao, na kila aingiaye huosha miguu kwanza.

Niliona haya. Nimezaliwa Mombasa, na habari hii nilikumbushwa ugenini. Vijana wetu wanaosafiri waisome kabla ya kuondoka, ili wakifika Fez wajue wanachokitazama.