Sabufa ya shemeji ilivyotaka kuvunja ujirani Kashikishi

MTU anayevuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa, upande wa Congo, kwenda Nchelenge nchini Zambia, huanza kuisikia ng'ambo kabla hajaiona vizuri. Kwanza ni injini za boti, kisha muziki wa baa za Kashikishi.

Agosti 2024, nilipovuka kwenda kumsalimia dada yangu wakati wa likizo, nilikuta mlio mwingine. Haukuwa muziki. Ulikuwa mngurumo mmoja mzito, kama lori lililosimama bila kuzimwa, na ulitoka nyumbani kwa dada yangu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa Pweto. Vita vilipoingia mjini kwetu Desemba 2000 tulikimbilia Zambia, na masomo yangu ya sekondari niliyamalizia katika kambi ya Kala, wilayani Kawambwa. Mwaka 2008 nilirejea Congo. Dada yangu hakurejea, kwani alikuwa ameshaolewa na Mzambia, mchuuzi wa samaki, na maisha yake yakawa huku.

Huyo shemeji ndiye mwenye mngurumo. Amegeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa ukumbi mdogo wa kuonyesha filamu na mpira. Ameweka mabenchi manne na televisheni, na mlangoni kuna kijana wa kupokea kiingilio.

Kisa chake kilianza Februari 12, 2012, Zambia ilipoitoa Ivory Coast kwa penalti 8-7 mjini Libreville na kutwaa Kombe la Afrika. Shemeji aliitazama fainali ile kwa jirani, kwenye televisheni yenye sauti ya mbu. Anasema penalti ya mwisho aliijua kwa kuona wenzake wanarukaruka. Aliapa kwamba siku moja atakuwa na sauti yake.

Siku hiyo ilikawia. Zamu yake ya chilimba, mchezo wa kuchangiana fedha ambao Wazambia wengi huutegemea, ilipofika mwaka 2024, aliagiza kutoka Lusaka risiva ya mitumba, spika tano ndogo na sabufa kubwa kama tenga la samaki. Fedha ile, dada yangu aliniambia kwa sauti ya chini, ilikuwa imepangiwa nyavu mpya.

"Mwalimu, umekuja wakati mzuri," shemeji alinipokea. "Mashine ni nzuri, lakini watu wanalalamika."

Kulalamika ni neno la upole. Waliokaa benchi la nyuma, lililoegemea ukuta, walitoka na maumivu ya kichwa. Waliokaa katikati walisema hawasikii besi yoyote. Sauti ya mtangazaji ilitokea pembeni, ndani ya sabufa, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Wateja walikuwa wakipungua.

Ukuta wa kushoto ni wa pamoja na jirani, mama muuza chisense, wale dagaa wa Mweru. Anaishi na mama yake mzazi ambaye ni mgonjwa. Vikombe vyao vilikuwa vikicheza kabatini kila timu ikishambulia. Alikuwa amekuja mara tatu kwa adabu. Mara ya nne alimwambia dada yangu kwamba ataenda kwa wazee wa mtaa, na tangu hapo hawakuwa wakisalimiana. Kwa mgeni kama dada yangu, ambaye jirani huyo ndiye aliyempokea alipojifungua mtoto wa kwanza, hilo si jambo dogo.

"Ama lile sanduku, ama mimi," dada aliniambia jikoni, huku akisonga ubwali.

Tatizo jingine lilikuwa umeme. Ukame wa mwaka ule ulipunguza maji ya Kariba, na mgao ulikuwa mkali nchi nzima. Kwa hiyo tulifanya kazi mchana kwa jenereta, tukihesabu kila lita ya petroli.

Nilianza na rimoti. Risiva ya namna hii huuliza kila spika kama ni kubwa au ndogo, na shemeji alikuwa amejibu "kubwa" kwa zote. Ni nani anayependa kuita mali yake ndogo? Lakini swali lile halihusu heshima. Ukisema spika ni kubwa, risiva huipa sauti zote, hata besi ambayo koni ya sentimita 10 haiwezi kuitoa. Ukisema ni ndogo, besi huondolewa humo na kupelekwa kwa sabufa. Mtu mwenye sabufa, kwa kawaida, aseme ndogo.

Halafu kuna ile "moja" ya 5.1. Watu wengi hudhani ni sabufa yenyewe. La hasha. Ni njia ya pekee ya sauti ambayo mtengeneza filamu huwekea milipuko na radi, isiyozidi hezi 120. Mpira ukija kwa sauti ya njia mbili tu, kama ulivyokuwa unakuja kwenye king'amuzi cha shemeji, njia hiyo haipo. Ndiyo maana siku ya kwanza aliona sabufa imenyamaza wakati wa mpira, akatafuta kwenye menyu hadi akapata chaguo la kupeleka besi kote kuwili, kwenye spika na kwenye sabufa. Hapo sabufa iliamka. Besi ile ile ikawa inatoka mara mbili, naye akaongeza kitufe cha nguvu mpaka mwisho.

Nilizirudisha spika zote kwenye "ndogo", nikaliondoa lile chaguo la kote kuwili, kisha nikaweka mpaka wa mgawanyo hezi 100. Kipimo kinachopendekezwa mara nyingi ni hezi 80, ambacho kilienezwa na mfumo wa THX ulioanza mwaka 1983 kwa kazi ya mhandisi Tomlinson Holman. Chini ya hapo sikio hupata taabu kujua sauti inatoka upande gani, hivyo sabufa inaweza kujificha. Lakini vispika vya shemeji visingefika 80 bila kukwaruza. Ukiupandisha mpaka huo mno, sauti za wanaume huanza kuingia kwenye sabufa, na huyo ndiye mtangazaji wetu wa ndani ya pipa.

Sabufa nayo ina kitufe chake cha mpaka kwa nyuma. Kama risiva imeshagawa, kitufe hicho kiachwe juu kabisa, la sivyo sauti inakatwa mara mbili.

Tulipowasha tena, mtangazaji alikuwa ametoka kwenye pipa. Lakini mngurumo ulibaki, na benchi la katikati bado lilikuwa halisikii kitu. Rimoti ilikuwa imemaliza uwezo wake. Kilichobaki kilikuwa chumba.

Kule Kala hatukuwa na maabara. Mwalimu wetu alitufundisha mawimbi kwa karai la maji. Alilisukasuka taratibu mpaka maji yakapanda upande huu, kisha upande ule, huku katikati yakibaki karibu palepale. Yeyote aliyepanda mtumbwi ulioingia maji ameliona hilo.

Hewa ya chumba hufanya vivyo hivyo. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde katika joto kama la Mweru, na chumba cha shemeji kina upana wa mita 4. Sauti ya hezi 43 hivi, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita 8, hukaa humo kama maji kwenye karai: inajazana kwenye kuta mbili za ubavuni na kufa katikati. Kwa urefu wa mita 5, sauti ya hezi 34 hufanya hivyo hivyo kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma. Sabufa ilikuwa imewekwa kwenye kona ya kushoto, yaani mahali ambapo karai husukwa vizuri kuliko pote, tena ikigusa ukuta wa jirani.

Wataalamu hufundisha mbinu moja ya kuchekesha: weka sabufa kwenye kiti cha msikilizaji, kisha wewe utambae sakafuni ukisikiliza, na pale besi inapokuwa sawasawa ndipo pa kuiweka. Nilitambaa. Watoto wa mtaa walijaa dirishani kumtazama mwalimu wa kutoka Congo akitembea kwa magoti.

Mahali pazuri palikuwa chini ya televisheni, katikati ya ukuta wa mbele. Sababu ni ile ile ya karai: ukisukuma pale ambapo maji hayapandi wala kushuka, hulisuki. Benchi la nyuma tulilisogeza mita moja kutoka ukutani.

Kisha tulipiga sauti ya kupimia ya hezi 100 na kujaribu swichi ya nyuma ya sabufa, kwenye 0 na kwenye 180. Palipokuwa na sauti kubwa zaidi ndipo sabufa na spika zilikuwa zinasukuma pamoja, tukaacha hapo. Kwa kipimo cha simu tulilinganisha kila spika kwenye desibeli 75. Kwa besi sikuiamini simu, maana maikrofoni za simu nyingi hazisikii vizuri huko chini. Niliishusha sabufa mpaka shemeji akasema haisikiki, nikaipandisha kidogo tu.

Baada ya hapo nilipiga hodi kwa jirani. Nilimwomba radhi kwa niaba ya shemeji, nikaomba niketi chumbani kwa mama yake huku mpira ukiendelea ng'ambo ya ukuta. Vikombe vilitulia. Hata hivyo mngurumo ulipita, hafifu, na sikumficha: besi haizuiwi na pazia wala godoro, ukuta wa tofali moja huipunguza kidogo tu. Yule bibi mgonjwa alisikiliza, akasema sasa ni kama ngoma ya mbali, ya Mutomboko kule Mwansabombwe. Binti yake hakutabasamu. Alitaka saa.

Tulikubaliana saa 2 usiku. Baada ya hapo sabufa inazimwa na risiva inawekwa kwenye hali ya usiku, inayopunguza tofauti kati ya mlipuko na mnong'ono. Shemeji alinung'unika kwamba mechi nyingine huanza saa hiyo hiyo. Dada yangu alimtazama, naye akakubali.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu nikiwa nimerudi Kilwa. Wateja wamerudi, alisema, ila vijana wakiingia humpitia mgongoni na kuzungusha kitufe cha nguvu mpaka mwisho. Nilimuuliza amefanya nini.

"Nimekin'goa, mwalimu. Dada yako amekificha kwenye kopo la chumvi."