Tovuti yetu ilipozimika: namna tulivyoirudisha baada ya sasisho kushindwa



Wengi wenu mlituuliza kwa nini tovuti yetu haikufunguka kwa siku nne. Wengine walidhani tumekosa pesa ya kulipia. Wengine walisema tumefungiwa. Ukweli ni mdogo kuliko hayo, tena wa aibu kidogo: tulibonyeza kitufe bila kujitayarisha. Tunaeleza mambo yalivyokwenda kwa sababu parokia kadhaa sasa zina tovuti zao, nyingi zikiwa zimejengwa kwa WordPress kama yetu, na kitufe hicho kiko kwenu pia.

Ilikuwa siku ya posho, jioni. Tulipofungua ukurasa wa usimamizi tuliona tangazo kwamba programu yenyewe inahitaji kusasishwa, pamoja na viongezo sita. Kiongezo ni programu ndogo inayoongezwa juu ya ile kubwa: moja inaonyesha picha, nyingine inaleta kalenda, nyingine inatuma barua. Watu huziita plagini. Mmoja wetu alisema tumalize upesi kabla umeme haujakatika. Tukachagua vyote pamoja, tukabonyeza mara moja. Kabla kazi haijaisha, umeme ukakatika.

Uliporudi tulikuta mstari mmoja tu kwenye kioo, ukisema tovuti iko katika matengenezo mafupi, mrudi baada ya dakika moja. Tulirudi baada ya dakika moja. Tulirudi baada ya robo saa, na sasa maneno yalikuwa yamebadilika: kumetokea hitilafu kubwa. Siku ya Mungu asubuhi hali ilikuwa ileile.

Kwa mtu wa mbali hilo ni jambo dogo. Lakini matangazo yetu ya misiba husomwa na ndugu walioko kambini Nyarugusu, Tanzania, na Nakivale, Uganda, ambao mara nyingi hawana njia nyingine ya kujua nani amelala huku nyumbani. Tena ndani ya tovuti hiyo mna mahubiri ya mzee wetu mmoja, mchungaji aliyetutangulia kwa Bwana. Aliyaandika kwa mkono miaka mingi, vijana wakayachapa kidogo kidogo. Madaftari yake yaliteketea pamoja na nyumba. Maneno yale hayakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Baada ya ibada alikuja kijana mmoja anayejua kompyuta, mwenye moyo mzuri kabisa. Akatuambia: “Papa Pasta, tufute yote, tuweke upya. Ni dakika ishirini tu.” Tulimuuliza habari ya mahubiri. Akasema yatarudi. Mama katibu, ambaye hajui hata kidogo mambo ya seva, akauliza: “Yatarudi kutoka wapi?” Kijana akanyamaza, na mkono wake ukatoka kwenye kompyuta.

Swali lile linahitaji kuelezwa vizuri, maana hapo ndipo tovuti nyingi hufa. Tovuti ya namna hii haikai mahali pamoja. Kuna programu, yaani mafaili yanayoifanya itembee. Kuna hifadhidata, ambamo maneno yote hulala: kila habari, kila hubiri, kila jina. Na kuna folda ya picha na mafaili tuliyopandisha wenyewe. Sasisho hubadilisha mafaili ya programu. Linaweza kugusa mpangilio wa hifadhidata, lakini kwa kawaida maandishi yenu haliyaondoi. Kwa hiyo ukurasa ukiwa mweupe, au ukionyesha hitilafu, mara nyingi hakuna hata neno moja lililopotea. Ni kama kufuli la mlango wa kanisa limevunjika, na Biblia bado ziko ndani juu ya viti. Anayebomoa nyumba kwa sababu ya kufuli ndiye anayeharibu Biblia. Na katika ukurasa wa kampuni zinazohifadhi tovuti, kitufe cha kufuta programu mara nyingi hufuta na hifadhidata pamoja nayo.

Basi kazi ya kwanza haikuwa kutengeneza. Ilikuwa kuchukua nakala ya kitu kilichovunjika, kama kilivyo. Hilo linashangaza wengi: nakala ya kitu kibovu ina faida gani? Faida ni kwamba ukikosea wakati wa kutengeneza, unaweza kurudi kwenye ubovu wa kwanza, ambao ndani yake maneno bado yapo. Kupitia ukurasa wa kampuni inayotuhifadhia tulitoa hifadhidata yote kwa sehemu inayoitwa phpMyAdmin. Ilikuwa ndogo kuliko video moja ya kwaya. Folda ya picha ilikuwa kubwa zaidi, ikatula mega za usiku mzima. Nakala ilipoingia kwenye flashi, mabega yetu yalishuka. Mnakumbuka Yeremia sura ya 36: mfalme alipokichoma kitabu, Yeremia alikuwa bado hai, akamsomea Baruku upya. Mzee wetu hayupo tena wa kutusomea.

Lakini tumeruka jambo moja la aibu. Ili kufika kwenye ukurasa wa kampuni tulihitaji neno la siri, na neno hilo lilijulikana na mtu mmoja tu, ndugu aliyeijenga tovuti na baadaye akahamia mji mwingine. Siku mbili kati ya zile nne zilipita tukimtafuta kwa simu. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2019 WordPress ina msaada wake: ikipata hitilafu kubwa hutuma barua pepe kwa msimamizi, yenye njia ya kuingia katika hali ya uokoaji na kuzima kiongezo kilicholeta shida. Barua hiyo ilitumwa. Ilikwenda kwenye anwani ya ndugu yule yule, ambayo hakuwa akiifungua tena, na njia iliyomo hudumu siku moja tu. Tulipoisoma ilikuwa imekwisha muda. Hatumlaumu yeye. Ni sisi wa biro tuliomwachia ufunguo wote peke yake, tukaona ni heshima.

Tulipoingia, tulifungua sehemu ya mafaili. WordPress inapoanza kusasisha huweka faili dogo linaloitwa .maintenance, na hilo ndilo linaloleta ule mstari wa matengenezo. Kazi ikiisha hulifuta lenyewe. Kazi ikikatika, faili hubaki. Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo limefichwa mpaka uchague kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Katika tovuti nyingi kulifuta faili hilo kunatosha na habari inaishia hapo. Kwetu hakukutosha. Baada ya dakika 10 programu hulipuuza faili hilo yenyewe, na ndiyo maana sisi tulikuwa tumeshafika kwenye maneno ya hitilafu.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyotuokoa, na ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Ndani ya folda ya wp-content kuna folda ya plugins. Hatukuifuta. Tuliibadilisha jina tu, tukaongeza neno “zamani” mwishoni. Programu ikitafuta viongezo na isivione, huendelea bila hivyo. Tukafungua tovuti: hii hapa! Bila kalenda, picha zikiwa zimepangika vibaya, lakini hubiri la kwanza la mzee lilikuwa pale, na la pili, na yote. Mama katibu alianza wimbo.

Kisha tuliingia kwenye ukurasa wa usimamizi na kufungua orodha ya viongezo, na kwa kuwa programu haikuviona, ikavizima vyote; ndipo tukarudisha jina la folda. Tuliwasha kimoja, tukaangalia tovuti. Tukawasha kingine, tukaangalia. Cha nne kikaiangusha. Tulibadilisha jina la folda ya hicho kimoja tu, tovuti ikasimama tena.

Kwa siku mbili tulikuwa tumeulaumu umeme. Umeme haukuwa na kosa kubwa. Kusasisha kwenyewe hufanyika kwenye seva, mbali sana, si kwenye kompyuta ya biro. Kompyuta yetu inaagiza tu, kiongezo kimoja baada ya kingine. Ilipozimika, vingine vilikuwa vimesasishwa na vingine bado. Kile cha nne kilikuwa kimesasishwa vizuri kabisa. Shida ni kwamba toleo lake jipya liliandikwa kwa PHP mpya, lugha ambayo programu hizi zimeandikwa, na seva yetu ilikuwa bado inatumia 7.4, ambayo waliyoitengeneza waliacha kuilinda tangu Novemba 2022. Hata kama umeme ungekaa usiku kucha, tungeanguka. Katika ukurasa wa kampuni kuna mahali pa kuchagua toleo la PHP. Tulichagua jipya zaidi, tukajaribu kila ukurasa, na kiongezo cha nne kikakubali.

Kama hitilafu ingekuwa katika programu kubwa yenyewe, dawa ingekuwa nyingine: kupakua WordPress safi na kuweka upya folda mbili, wp-admin na wp-includes, bila kugusa wp-content wala faili la wp-config.php. Hilo la mwisho lina anwani na neno la siri la hifadhidata; ukilipoteza, programu haijui maneno yako yako wapi.

Tusijione wajinga peke yetu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye Windows, hata ndege zikakwama viwanjani. Na tiba, kwa nyingi kati ya hizo, ilifanana na ya kwetu: mtu kuketi mbele ya kompyuta, kuiwasha katika hali ya usalama, na kuondoa faili moja baya kwa mkono. Hakuna aliyebomoa nyumba.

Sasa habari ya nakala za akiba. Tulikuwa nayo moja, au tulidhani. Kiongezo kimoja kilikuwa kikiandika kila juma kwamba nakala imekamilika. Tulipoifungua tulikuta picha bila hifadhidata: viti bila Biblia. Kwa miezi hatukuwahi kuijaribu. Kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kompyuta, ilipatwa na jambo kama hilo tarehe 31 Januari 2017. Mfanyakazi alifuta hifadhidata kwa makosa, na njia zao tano za nakala zikakutwa hazifanyi kazi inavyotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono yapata saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Tunalitaja kwa parokia zile zinazotuambia kwamba kijana wao amekwisha kupanga yote. Mwombeni aifungue nakala hiyo mbele yenu, kwenye kompyuta nyingine, na mtafute ndani yake tangazo la juma lililopita.

Jambo moja tena kwa wale ambao tayari wana nakala nzuri: mkirudi nyuma, rudisheni mafaili na hifadhidata za siku moja. Mafaili ya mwezi wa tatu na hifadhidata ya mwezi wa tano hugombana.

Kwetu sisi, maneno ya siri sasa yako katika bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mwangalizi na moja kwa Mama mweka hazina. Anwani ya msimamizi ni ya biro, si ya mtu. Flashi mbili hubadilishana kila mwisho wa mwezi, na moja hulala nje ya jengo la kanisa. Tunasasisha siku ya pili asubuhi, kiongezo kimoja kimoja, baada ya nakala, na kamwe si siku ya posho. Kijana yule ndiye anayesimamia, na Mama katibu huketi kando yake. Mahubiri ya mzee yanachapwa pia kwenye karatasi. Tumefika la arobaini na mbili, wino ukakwisha.