Uchovu wa Mama Mjamzito Si Uvivu

Katika ziara zetu za sharikani, hasa msimu wa kulima, tumesikia mara nyingi mama mjamzito akisemwa kuwa mimba imemfanya mvivu. Mama mwenyewe hunyamaza, huchukua jembe na kuwafuata wenzake. Katika toleo hili tumeona vema tueleze uchovu huu unatoka wapi, upi ni wa kawaida na upi ni dalili ya ugonjwa, ili kamati za sharika zijue la kufanya.

Uchovu wa kawaida

Katika miezi mitatu ya kwanza tumbo halijaonekana, lakini ndani kazi kubwa imekwisha kuanza. Mwili unajenga kondo la nyuma, na homoni za ujauzito huongezeka na kuleta usingizi. Kichefuchefu nacho humzuia mama kula vizuri. Kadiri mimba inavyokua, damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Wengi hupata nafuu katika miezi ya kati. Miezi ya mwisho uchovu hurudi kwa sababu ya uzito, maumivu ya mgongo na kuamka usiku kwenda haja ndogo.

Uchovu wa namna hii hupungua mama akipumzika na kula vizuri. Usipopungua, tusiseme tu kwamba ndivyo mimba ilivyo.

Upungufu wa damu

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Chanzo kikubwa ni ukosefu wa madini ya chuma katika chakula. Vyanzo vingine ni malaria, minyoo ya safura na kuzaa bila kupumzika.

Kwa kawaida mjamzito mwenye damu chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu, na chini ya gramu 7 ni hali mbaya. Mama wa namna hiyo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hana akiba ya kumvusha. Ndiyo maana neno "nimechoka" lisipuuzwe.

Mama apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na:
- viganja, ulimi au ndani ya kope kuwa vyeupe;
- kizunguzungu, moyo kwenda mbio, au kuhema hata akiwa amekaa;
- homa;
- kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, au kuvimba uso na mikono;
- kutokwa na damu ukeni.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Kuanza kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12. Huko atapimwa damu na kupewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza, na dawa ya SP ya kukinga malaria kwa ratiba atakayopangiwa. Chandarua chenye dawa kitumike kila usiku.

2. Kumeza vidonge kila siku. Wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu, au wakiona choo kimekuwa cheusi. Choo cheusi kwa sababu ya vidonge hakina madhara. Kichefuchefu hupungua vikimezwa usiku baada ya kula.

3. Kula kidogo kidogo mara nyingi: maharage, dagaa, nyama ikipatikana, mchicha, kisamvu na matembele. Chungwa, limau au pera husaidia mwili kupokea chuma cha mboga. Chai inywewe mbali na mlo, kwani huzuia chuma. Hamu ya kula udongo mara nyingi huendana na upungufu wa damu. Mama amweleze muuguzi bila kuona haya.

4. Kupumzika mchana, na kulala kwa ubavu katika miezi ya mwisho.

Shauri hili la nne ndilo gumu. Mama hawezi kupumzika kama maji, kuni, shamba na jiko vyote vinamsubiri yeye. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baba akichukua ndoo na jembe zito, huo ni utunzaji wa mimba sawa na kwenda kliniki.

Wajibu wa kamati zetu

Tunaziomba kamati za sharika, pamoja na Umoja wa Wanawake, ziwatambue wajawazito katika kila mtaa, zipange zamu za kuwachotea maji na kuwasaidia palizi, na zitenge fedha ya nauli kwa anayehitaji kwenda hospitali ghafla. Wazee wa kanisa wazungumze na akina baba.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: kutazama viganja pekee hakutoshi kugundua upungufu mdogo. Kipimo cha damu kwenye zahanati ya kijijini, na vidonge visivyokatika, humwezesha muuguzi kugundua na kutibu mapema. Msaada wa namna hiyo hauonekani kama jengo, lakini mama anayefika leba akiwa na damu ya kutosha ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani na mtoto wake.