Kibandiko na jina: mwanaisimu katika makumbusho ya Lwiro

1. Utangulizi

Kaskazini ya mji wa Bukavu, mwendo wa kilomita arobaini na kitu, katika nchi ya Kabare, kuna kituo cha uchunguzi wa sayansi za asili kiitwacho Lwiro. Asili yake ni taasisi ya IRSAC, iliyoundwa na serikali ya ukoloni wa Kibelgiji mwaka 1947. Leo chajulikana kwa herufi CRSN. Pamoja na maktaba na maabara zake, kituo hicho kina makumbusho ya viumbe: wanyama, ndege, nyoka, samaki na wadudu waliokusanywa na kuhifadhiwa kwa ajili ya elimu. Juu yake, upande wa magharibi, wasimama msitu wa Kahuzi-Biega. Msitu huo ulianza kulindwa mwaka 1937, ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ukapanuliwa hadi nchi tambarare mwaka 1975, na mwaka 1980 UNESCO ikauandika katika Urithi wa Dunia. Tangu mwaka 1997 umo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Msomaji wa jarida la Kiswahili aweza kuuliza: mwanaisimu ana kazi gani katika nyumba ya mifupa na ngozi? Makala haya yanuia kuonyesha kwamba anayo kazi, na kwamba kazi hiyo imekwisha kuchelewa. Inaanzia kwenye kile kipande kidogo cha karatasi kifungwacho mguuni mwa ndege au kubandikwa kwenye chupa, yaani kibandiko.

2. Kielelezo bila kibandiko

Mnyama aliyehifadhiwa huitwa kielelezo. Thamani yake kwa mtaalamu haimo katika ngozi peke yake. Imo katika maandishi yanayoandamana nayo: alipatikana wapi, siku gani, nani aliyemkusanya, na jina lake ni lipi. Ngozi isiyo na maandishi hayo ni pambo la ukutani tu. Jina la kitaalamu huandikwa kwa Kilatini na kwa maneno mawili, kwa kufuata utaratibu wa Linnaeus ambao kwa wanyama huhesabiwa tangu mwaka 1758. Kwa jina hilo mtaalamu wa Kinshasa na wa Tokyo hujua kuwa wanazungumzia kiumbe kimoja.

Lakini kibandiko chaweza pia kuficha. Kisa cha tausi wa Kongo chatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1913, huko Avakubi katika Ituri, Mmarekani James Chapin alipata unyoya uliokuwa umepamba kofia ya mwenyeji. Hakuweza kumtambua ndege mwenye unyoya huo. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando juu ya kabati. Kibandiko chao kilisema ni tausi wachanga wa Kihindi. Ndipo alipoukumbuka unyoya wake. Ndege hao walikuwa wa Kongo, na mwaka huohuo wakapewa jina *Afropavo congensis*.

Tuzingatie jambo moja. Ndege huyo hakuwa amepotea. Watu wa msituni walimjua, walimla, na walijipamba kwa manyoya yake. Aliyepotea ni yule wa kabatini, na kilichompoteza ni jina. Kama kibandiko cha kwanza kingalichukua jina alilopewa na wawindaji waliomkamata, ingalikuwa vigumu kumdhania mgeni kutoka India.

3. Neno moja, wanyama wawili

Turudi Kahuzi. Katika msitu huo mmoja wanaishi nyani wakubwa wa namna mbili: *Gorilla beringei graueri*, aliyeelezwa na Matschie mwaka 1914, na *Pan troglodytes schweinfurthii*. Tukitaka kuwaandikia vibandiko kwa Kiswahili, tutaandika nini? Kamusi zatupatia neno sokwe. Wengine hulitumia kwa *Pan*, wengine kwa wote wawili. Ndiyo sababu baadhi ya waandishi wamelazimika kusema sokwe mtu kwa mmoja na gorila kwa mwingine. Nako mitaani kwetu neno makako hutosha kwa kima wa kila aina.

Mkanganyiko huu si wa leo. Livingstone alipokuwa Manyema, kati ya mwaka 1869 na 1871, aliandika habari za mnyama aitwaye soko, akadhani kuwa ndiye gorila. Wengi waliomsoma baadaye wamemwona kuwa ni sokwe mtu. Neno lilikuwa la wenyeji na lilikuwa sahihi mahali pake. Kosa lilitokea lilipohamishwa bila kuulizwa mipaka ya maana yake.

Kuna na swali la sarufi. Kiswahili humpa mnyama upatanisho wa viumbe hai: sokwe huyu amelala. Je, aliyejazwa pamba ndani ya kioo? Tukiandika "sokwe huyu aliletwa", twamtaja mnyama aliyeishi. Tukiandika "kielelezo hiki kililetwa", twataja kitu cha maabara. Lugha yenyewe yayumba hapa, kama iyumbavyo katika neno maiti, ambalo wengine hulisemea huyu na wengine hii. Kwa maoni yetu kibandiko kitumie "huyu" mahali pa kueleza maisha yake msituni, na "hiki" mahali pa kueleza namna alivyohifadhiwa. Hivyo mwanafunzi atatofautisha mnyama na ushahidi wake.

4. Wenye majina

Majina ya mahali si mapambo. Okapi alipotambuliwa na wataalamu wa Ulaya mwaka 1901, jina lililosimama, hata katika Kilatini *Okapia johnstoni*, lilitoka vinywani mwa watu wa msitu wa Ituri. Ni mfano mmoja wa njia ambayo ingeweza kufuatwa mara nyingi zaidi.

Kwa Kahuzi-Biega jambo hili lina uchungu wake. Watwa, walioishi katika msitu huo na kuujua mti kwa mti, walitolewa humo kwa jina la ulinzi, hasa katika miaka ya 1970. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliosema kwamba haki zao zilivunjwa. Mambo ya ardhi na fidia yana wataalamu wake. Sisi wa lugha tuna neno letu: jina la mnyama hudumu kwa kutumiwa mbele ya mnyama. Kijana asiyeruhusiwa kuingia msituni hupokea jina bila kitu chake. Mtoto wake huenda asipokee hata jina. Makumbusho yanaweza kuwa na ngozi iliyotimia, huku jina lake likizikwa pamoja na mzee kijijini, mwendo mfupi kutoka mlangoni.

5. Hitimisho

Twapendekeza kibandiko cha mistari minne: jina la Kilatini; jina la Kiswahili lenye mipaka iliyoelezwa; jina la lugha ya mahali, likiandikwa ni la Mashi, Kitembo, Kilega au lugha nyingine; na mwisho, limesikiwa wapi na mwaka gani. Msemaji naye atajwe, akiridhia, kama atajwavyo mkusanyaji wa kielelezo, kwa maana naye ametoa kitu.

Kazi hii haihitaji mitambo. Yahitaji mwanafunzi mwenye daftari, picha za wanyama, na subira ya kukaa na wazee. Wanafunzi wetu watafutao mada ya tasnifu wasiende mbali. Kielelezo kilichokaushwa vema chaweza kungoja miaka mia. Mzee ajuaye jina lake hawezi.