Je, Wajua? Kichwa Kimegongwa, Shingo Inakandwa

Je, wajua kwamba wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii? Mchezaji anaanguka, anainuka, anajikung'uta vumbi na mechi inaendelea. Kichwa kinaanza kumuuma jioni.

Na kwamba skani ya CT mara nyingi haionyeshi kitu? Skani hutafuta damu iliyovuja na fuvu lililopasuka. Mtikisiko huvuruga utendaji wa seli, na hilo skani hiyo hailioni. Majibu yakirudi safi, msimwambie mgonjwa anajidekeza.

Je, wajua kuwa maumivu ya kichwa baada ya ajali huweza kutoka shingoni? Pigo linaloutikisa ubongo huivuta na shingo pia. Neva za pingili tatu za juu za shingo hupeleka taarifa mahali pamoja na neva za uso, kwa hiyo ubongo huchanganya anwani: tatizo liko kisogoni, mgonjwa anashika jicho.

Hapo ndipo mikono inapopata kazi. Mtaalamu wa fiziotherapia hawezi kuugusa ubongo, wala hadai hivyo. Anailegeza misuli iliyokaza, anavisogeza taratibu viungo vya shingo, kisha anatoa mazoezi. Mwaka 2014 watafiti wa Calgary, Kanada, walichapisha jaribio la watu 31 wa miaka 12 hadi 30 ambao dalili zao ziligoma kuisha. Kati ya 15 waliotibiwa shingo na kupewa mazoezi ya kurudisha uwiano wa mwili, 11 waliruhusiwa na daktari kurudi michezoni ndani ya wiki 8. Katika kundi la pili, lililopewa mapumziko na mazoezi mepesi, aliruhusiwa mmoja kati ya 14 waliomaliza. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini watu walikuwa wachache, na tiba zilichanganywa, hivyo sifa zote haziwezi kwenda kwa mikono.

Hata hivyo, wataalamu wa mtikisiko wa ubongo waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walipendekeza tiba ya namna hiyo kwa anayeendelea kuumwa shingo au kichwa, au kusikia kizunguzungu, baada ya siku 10.

Je, wajua kuna kizunguzungu kinachoweza kuondoka kwa kugeuzwa kichwa tu? Ndani ya sikio mna vijiwe vidogo vya chokaa. Kichwa kikigongwa, vinaweza kung'oka na kuingia kwenye mirija ya uwiano. Kila ukijigeuza kitandani, chumba kinazunguka. Daktari John Epley wa Portland, Marekani, alibuni namna ya kumlaza mgonjwa na kumgeuza hatua kwa hatua mpaka vijiwe virudi mahali pake. Ni kazi ya dakika chache. Wenzake waliicheka kwa miaka mingi. Leo hutumika dunia nzima.

Kuna pia wanaodai kuisogeza mifupa ya fuvu kwa vidole ili maji ya ubongo yatiririke vizuri. Ushahidi wake ni hafifu. Nisingelipia.

Je, wajua kwamba ule mlio wa "ka!" shingo inapopindwa haumaanishi kuwa mfupa umerudi mahali pake? Hutokana na gesi kwenye maji ya kiungo. Baadhi ya vinyozi wetu huutoa bure baada ya kunyoa, na wateja huuona kama baraka. Sasa sikia: mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo. Ni nadra, lakini kupindwa ghafla huweza kuuchana mmojawapo na kuleta kiharusi. Aliyegongwa kichwa juzi huenda pia ana ufa kwenye pingili, na kinyozi hana habari.

Kutapika mara kwa mara, usingizi usioamshika, degedege, mkono au mguu kufa ganzi, maumivu ya kichwa yanayozidi kila saa: hayo hayakandwi. Ni hospitali, usiku huohuo.